Kwa Mama Msusi, Kuhusu Lango Lenye Sura Yako

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ututoke ukiwa umenuna kwa sababu ya shuka. Wodi nzima ilikuwa na shuka zile zile za kijivu, lakini ni wewe peke yako uliyeuliza zimefuliwa lini na nani. Muuguzi alicheka, akadhani unatania. Ukamshika mkono, ukamwambia kwa sauti iliyokwisha nguvu, "Mwanangu, mimi naumwa, sijafa. Nibadilishie." Akabadilisha. Ulilala juu ya shuka safi, ukatuangalia mmoja mmoja, na kabla ya jioni ukawa umekwenda.

Watu wakiandika kumbukumbu huanza na tabasamu la marehemu. Sisi hatuwezi, maana tabasamu lako lilikuwa la msimu. Tulichokijua kila siku ni kinyaa chako. Ulinusa glasi kabla ya kunywa. Kwenye harusi za watu hukutia kitu mdomoni mpaka uende jikoni kuwasalimu wapishi, na salamu zenyewe zilikuwa ukaguzi. Baba, fundi lifti, alipotoka kazini na mikono ya grisi, ulimpokea mlangoni na sabuni kabla ya kumwambia pole na kazi. Miaka yote ya ndoa hakushika kitasa cha nyumba yetu kwa mkono mchafu. Mwenyewe hulisimulia hilo akicheka mpaka machozi yanamtoka, ila siku hizi machozi hutangulia.

Saluni yako ilikuwa chumba kimoja kati ya duka la dawa na fundi simu, na bado ipo hapo hapo. Vitana ulivichemsha kila asubuhi kwenye sufuria uliyoiandika kwa rangi nyekundu SI YA CHAKULA, kana kwamba kuna mtu angethubutu. Mteja aliyekuja na kichwa kinachonuka hukumfukuza. Ulimkalisha, ukamfunga taulo, ukaosha, ukaosha tena, huku ukimuuliza habari za watoto wake kama vile hakuna lililotokea. Mdomo wako ulikuwa mkali na mikono yako laini, na watu waliuvumilia mdomo kwa ajili ya mikono.

Tumeandika kwa kirefu kuliko wanavyoandika wengine. Maneno haya tunayabandika kwenye kioo cha saluni na kuyatuma kwa kila aliyewahi kuchanga, kwa sababu kuna jambo lilifanywa kwa jina lako, na waliochanga wana haki ya kulisikia wakati tunakueleza wewe. Anayeandika ni mimi, kifungua mimba wako, niliyerithi viti, vitana na sufuria.

Tuanze na Mpangaji. Wasiomjua wajue kwamba ni binti aliyetoka ng'ambo kuja kusomea ualimu hapa kwetu, akapanga chumba chetu cha uani. Alikuja na sanduku moja na Kiswahili cha vitabuni, akaondoka na maneno yako yote yasiyosemeka mbele ya wageni. Ulimsuka bure, ukamkaripia bure, na kodi ulimdai siku ulizokumbuka. Alipomaliza masomo alirudi kwao, akapangiwa shule ya kijijini, huko juu milimani ambako gari hufika likitaka. Leo ni mwalimu mkuu, lakini kwetu bado ni Mpangaji, na akipiga simu hujitambulisha hivyo hivyo.

Alipopiga mara ya kwanza kutoka huko, kila mtu alikuwa na swali lake. Baba aliuliza kama kuna umeme. Mdogo wangu wa kiume aliuliza kama kuna uwanja wa mpira. Mama mdogo, mdogo wako wa damu, aliuliza kama walimu wa kiume wa huko wameoa. Wewe ulichukua simu ukauliza, "Mnajisaidia wapi?"

Mpangaji akakwepa. Ukauliza tena.

"Mama mwenye nyumba, hilo nitakueleza siku nyingine."

"Nieleze leo. Nimekaa."

Akakueleza. Shimo moja kwa shule nzima. Juu yake mbao zilizooza, kandokando magunia, mlango hakuna. Mvua ikinyesha, kilichomo shimoni kinapanda juu. Wadogo wanaingia wawili wawili, mmoja amshike mwenzake asitumbukie. Wasichana wakubwa hawaendi kabisa. Wanajibana tangu asubuhi mpaka warudi nyumbani, maji hawanywi, na siku zao za mwezi hawaji shule. Wakishazoea kutokuja, wengine hawarudi tena.

Ulikata simu, ukasukuma sahani. Tukadhani unalia. Ulikwenda bafuni ukatapika, ukanawa uso, ukarudi ukaketi pale pale. Baba akakupa pole, akasema una huruma mno.

"Huruma gani?" ulimwuliza. "Mimi naona kinyaa. Mtoto wa mtu ajibane kutwa nzima kwa sababu watu wazima wameshindwa kuchimba shimo na kutia mlango? Inanichefua, baba watoto. Inanichefua kweli kweli."

Ndipo zikaanza Jumamosi za choo. Kila kilichopatikana saluni siku ya Jumamosi kilikwenda kwenye choo cha shule ya Mpangaji, na juu yake ukawatoza wateja maneno. Mtu ambaye nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima haendi popote, na wewe ulilijua hilo vizuri. Uliwaeleza habari za magunia, za mbao na za funza, huku vidole vyako vikipita kichwani mwao taratibu. Wengine walichanga kwa moyo, wengine ili unyamaze. Kuna bibi harusi aliyekusihi, "Mama, leo ni siku yangu. Tuongee hata maua." Ukamjibu, "Maua yapo, hayakimbii. Nikimaliza kukupamba utakwenda chooni, utafunga mlango, utakaa kwa raha zako. Wachangie wenzako na wao wakae." Akachanga. Mashoga zake wakachanga. Dereva aliyekuja kuwachukua naye akachanga, bila kujua anachangia nini.

Watu wakaanza kukuita Mama Choo. Mama mdogo aliona aibu mpaka akabadilisha njia ya kwenda kazini ili asipite mbele ya saluni.

"Dada, kwa nini usichague vitabu?" alikuuliza. "Hata madawati basi."

"Madawati yana wenyewe," ulimwambia. "Choo hakina mwenyewe. Kaa nikutengeneze hizo nywele, na utoe chochote."

Akakaa, akatoa. Tangu siku hiyo akawa anakuletea wateja kutoka ofisini kwake, anawaambia wasukwe wasiulize.

Kisha akaja Kipaza. Huyu ni mdogo wake Baba, shemeji yako, mwenye duka la samani, na mji mzima unamwita hivyo kwa sababu hajawahi kupita mbele ya kipaza sauti bila kukishika. Alisema mchango umekuwa mkubwa, unahitaji kamati. Tumtendee haki: alileta marafiki wenye nazo, akatafuta ukumbi, akapiga simu ambazo wewe usingepiga. Lakini kitu cha kwanza alichofanya ni kulifuta neno choo. Kwenye kadi za mwaliko aliandika "kuboresha mazingira ya kujifunzia". Ukamwuliza mbele ya kamati nzima, "Shemeji, hayo mazingira yako yana mlango?" Watu wakacheka, naye akacheka, na kadi zikabaki vile vile.

Presha ikakuangusha saluni, kitana mkononi, mteja akiwa kitini. Wakati huo Mpangaji alikuwa ameshachagua mahali pa kujenga, nyuma ya madarasa, mbali na kisima. Ulikuwa umemwuliza mambo mengi: upepo unavuma kutoka wapi, milango itaelekea wapi, komeo zitakuwa za ndani au za nje. Pale wodini, siku uliyogombania shuka, ulituuliza kama wameshaanza kuchimba.

Siku ya mazishi Kipaza alipata kipaza. Alisema shule ile haitakusahau kamwe, na kwamba kamati itafanya jambo ambalo mji mzima utajivunia. Watu walilia, wakatoa kuliko walivyowahi kutoa ukiwa hai. Sisi tulikuwa tunazika. Tukaiachia kamati.

Miezi ikapita, kamati ikapanda ndege, na picha zikaja kwenye simu ya Baba. Mama, wamekujengea lango. Ni lango la matofali ya kuchoma, lenye nguzo nene huku na huku na tao juu, na milango miwili ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu. Jina lako limeandikwa kwenye tao kwa herufi ndefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Na kwenye nguzo ya kulia wamekuchora wewe. Mchoraji amekupa meno ambayo hukuwahi kuwa nayo na rangi ya mtu aliyeshinda ndani maisha yake yote. Nywele amekuachia ndefu, zimemwagika mabegani, wewe ambaye hatujakuona bila mistari yako iliyobanwa nyuma na kitambaa juu yake. Mama mdogo alipoiona picha aliuliza, "Huyu nani?"

Na shule yenyewe haina ua. Hakuna ukuta, hakuna hata seng'enge. Lango limesimama peke yake kwenye nyasi, na katika picha moja mbuzi wanapita kandokando yake kwenda zao.

Tungecheka, Mama, kama si Baba. Baba alilipenda. Wewe uliishi ukiandikwa kwa herufi ndogo: kwenye leseni ya saluni, kwenye kadi ya kliniki, basi. Sasa mahali fulani duniani jina lako limesimama juu, na watu wanapita chini yake. Alimwonyesha picha mlinzi wa kila jengo analokwenda kutengeneza lifti. Aliwaonyesha wafagizi. Aliwaonyesha hata watu aliowatoa kwenye lifti iliyokwama, kabla hawajamaliza kuhema. "Huyu ni mke wangu," aliwaambia. Mdogo wangu aliwahi kutaka kumwuliza habari ya vyoo, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Kipaza aliporudi alikuja nyumbani kutupa salamu za safari. Tukamkaribisha sebuleni, tukamwekea chai na biskuti. Alieleza habari za ndege, za hoteli, za hotuba yake mwenyewe, halafu akajiegemeza kwenye kochi akasema, "Sasa ngojeni niwachekeshe."

Akasimulia. Katikati ya sherehe, watoto wanaimba, tumbo likamkata. Akamnong'oneza Mpangaji, naye akamwelekeza nyuma ya madarasa.

"Jamani!" alisema Kipaza. "Nafika mlangoni, mlango wenyewe hakuna! Harufu inakupiga kofi kabla hujaingia. Nzi hivi! Funza wanatembea juu ya mbao kama wako kwao! Nikageuka hapo hapo. Nikamwambia dereva, washa gari, nipeleke hotelini. Njia nzima nimejibana, jasho linanitoka, kila shimo barabarani namwita Mungu. Ee bwana wee! Nilivyofika, yule wa mapokezi ananisalimia, mimi nampita mbio!"

Alicheka peke yake. Alifuta macho, akachovya biskuti kwenye chai.

"Choo gani hicho?" aliuliza mama mdogo.

"Cha pale pale shuleni."

"Kile cha shimo moja? Cha magunia?"

"Sasa shemeji, wana kingine?"

Nikamwuliza mimi, "Baba mdogo, vyoo vipya viko wapi?"

"Hiyo ni awamu ya pili," alisema. "Kamati ilikaa, ikalitazama jambo hili kwa upana. Tukaona si heshima jina la marehemu lianzie chooni. Tuanze na kitu chenye hadhi. Na wafadhili nao ni watu, wanataka kitu cha kuonekana. Niambie wewe, nani atasafiri mpaka ng'ambo kukata utepe wa choo?"

Mama, mimi nimeosha vichwa vya kila aina. Nimefungua nywele zilizofungwa miezi, nimekuta ndani yake mambo ambayo hayaandikiki. Sijawahi kuchefuka kama nilivyochefuka nikimwangalia mtu mzima yule, damu ya baba yangu, akitafuna biskuti yetu na makombo yakimdondokea kifuani. Angekuwa hajui, tungemsamehe. Alijua! Alijua kwa pua yake. Alisimama pale pale wanaposimama watoto, akaona wanachokiona, akashindwa hata kuweka mguu, akakimbia kwa gari la kukodi. Kisha akarudi, amenawa, amejipuliza manukato, akakata utepe mbele ya watoto ambao hawana gari wala hoteli, na akawaambia washukuru. Na jina alilolitumia kufunika uchafu ule ni lako, wewe uliyekuwa ukikagua hata vitana vya jirani.

Alipoondoka nilikichukua kikombe chake nikakichemsha kwenye sufuria ya vitana. Mama mdogo aliniangalia akasema, "Kitupe tu." Nikakitupa.

Siku hiyo hiyo nilimpigia Mpangaji. Alipolisikia swali langu alianza kulia kabla sijalimaliza.

"Dada, ningesema nini?" aliniambia. "Waliniambia hii ni zawadi ya Mama mwenye nyumba. Nilitaja vyoo, wakasema nisiwe mtu asiyetosheka. Unaletewa zawadi ya marehemu, unaikataa?"

Akanieleza mengine. Pesa imekwisha, lango limeimeza yote. Wazazi wa kijijini, baada ya kuona hakuna kinachokuja, wamechimba mashimo mapya wenyewe, pale pale mlipopachagua kwa simu. Mashimo yapo tayari, ila hakuna cha kujengea ukuta, na huko juu tofali la kuchoma ni kitu cha anasa.

"Kila asubuhi tunapita chini ya matofali ya kutosha," alisema.

"Basi si myachukue?"

"Dada! Yana sura ya mama wa watu. Hakuna fundi hapa atakayepiga nyundo kwenye uso wa marehemu bila wenyewe kusema. Wazee wameniambia wazi, neno litoke kwa mumewe." Kisha akaniuliza, "Yule msichana aliyeshika sahani ya mkasi siku ya utepe, umemwona kwenye picha? Hajaja shule tangu mwezi uliopita. Nimekwenda kwao. Mama yake ananiambia anaona haya, amekua."

Nilimweleza Baba wakati anakula. Aliondoka mezani, akanawa mikono, akaenda kukaa kitandani upande wako. Siku zilizofuata alikwenda kazini na kurudi, alisalimia na kuitikia salamu, lakini picha hakumwonyesha mtu tena. Nilimkuta mara kadhaa ameishika simu, anaikuza kwa vidole, anaiangalia ile nguzo ya kulia. Alijua fika kwamba uliyechorwa pale si wewe. Hata hivyo aliiangalia. Nilitamani kumsukuma na sikuthubutu, kwa maana tuliyekuwa tunamwomba avunje jina la mke wake ni mtu ambaye bado analala ukingoni mwa kitanda ili kukuachia nafasi.

Habari zikamfikia Kipaza, naye akaja bila kualikwa. Safari hii hakuketi. Alisema tumepotoka, tunataka kuiaibisha kamati mbele ya wafadhili, na mwezi huu huu kuna hafla ya kuchangia awamu ya pili ambapo picha ya lango itatundikwa ukumbini. Akamgeukia kaka yake.

"Kaka, hawa wanao wanataka kumuua shemeji mara ya pili. Na wewe umekaa tu?"

Baba alikuwa anafuta bisibisi yake kwa kitambaa. Aliendelea kuifuta.

"Siku ile ya sherehe," alisema, "wewe ulijisaidia wapi?"

"Kaka, mambo gani hayo?"

"Nakuuliza."

"Hotelini. Niliwaambia."

"Kwa nini si pale?"

"Kaka, ungeona pale! Mtu gani anaweza kuingia pale?"

Baba aliweka bisibisi mezani. Alimwangalia mdogo wake kwa muda, na sura aliyoivaa tuliifahamu sote, kwa sababu ilikuwa yako. Ni ile uliyomwonyesha mpishi wa harusi siku ulipokuta nywele kwenye mwiko.

"Mke wangu alitapika kwa kusimuliwa tu," alisema. "Wewe ulifika, ukaona kwa macho yako, ukarudi kuomba upigwe picha. Halafu unakuja nyumbani kwake unatuchekesha. Toka nje, bwana mdogo. Unanichefua."

Kipaza alitoka. Mlango alituachia wazi, mama mdogo akaenda kuufunga, akafuta na kitasa.

Baba akaniomba nimpigie Mpangaji. Unajua anavyoongea na simu ya ng'ambo, kama anamwita mtu aliye ghorofa ya kumi.

"Mpangaji! Unanisikia? Ni mimi, mumewe. Waambie wazee nimesema mimi. Bomoeni!"

"Lote, Baba?"

"Lote! Na ile milango ya chuma muikate, itoke milango midogo. Komeo ziwe za ndani. Mwenyewe alitaka za ndani." Hapo akashusha sauti. "Lakini polepole, mwanangu. Matofali yasivunjike."

Kwa hiyo, Mama, wakati wengine wanawawekea wapendwa wao mashada, sisi kumbukumbu yako tumeiamuru ivunjwe. Wanaume wa kijijini wamepanda juu ya tao na tindo zao, wanayatoa matofali moja moja, akina mama wanayakwangua saruji, na watoto wanayabeba kwenda nyuma ya madarasa. Jina lako limeshashuka lote. Kuta za vyoo vya wasichana zimesimama, milango imetiwa, limebaki paa. Waliochanga wajue kwamba hapo ndipo mchango wao ulipo sasa. Hatutakwenda kwenye hafla ya awamu ya pili, na picha ya lango ikitundikwa ukumbini, imetundikwa bila ridhaa yetu. Anayetaka kuchangia bati za kuezekea aje saluni Jumamosi, akae kitini, asikilize habari za funza.

Jambo moja lilibaki. Fundi alipofika kwenye ile nguzo ya kulia aliweka nyundo chini, akamwomba Mpangaji atuulize. Matofali yenye uso wako ayafanyeje? Akayazike? Ayatunze ofisini kwa mwalimu? Tulimwangalia Baba. Alifikiri sana, akashika kidevu, akaomba simu.

"Jenga nayo kama mengine," alisema. "Ila upande wenye rangi uugeuze uangalie ndani ya ukuta, upige na lipu. Mke wangu alikuwa na maneno mengi, lakini hakuwa mtu wa kuchungulia watu chooni."

Ndivyo walivyofanya. Jicho lako moja liko kwenye chumba cha kwanza, meno yale ya mchoraji yako cha tatu, yamegeuzwa yote, hakuna ayaonaye. Juzi Mpangaji ameandika kwamba yule msichana wa sahani ya mkasi alikuja na mama yake, wakasimama mbele ya vyumba ambavyo bado havina paa. Mama mtu akaingia kimoja, akavuta mlango, akasukuma komeo, akakaa humo kimya muda mrefu. Alipotoka alimwambia binti yake, "Kesho uje."

Wanaokukumbuka ni mumeo fundi lifti. Mimi binti yako. Mwanao wa kiume, ambaye anasoma haya akijifanya ana mafua. Mdogo wako wa damu, anayepita tena mbele ya saluni kila asubuhi. Na Mpangaji, pamoja na shule nzima. Shemeji yako Kipaza ameomba jina lake liwemo. Tumemjibu kwamba litaingia mwakani, akisharudi kule kijijini na kujisaidia pale pale shuleni, na mlango aufunge mwenyewe.

Kukusahau hatujui, Mama. Pumzika mahali pasafi.